GPS ya boti ndogo ya mashindano: ununue ipi, na uifunge wapi

Ukiwa umening'inia nje ya ubavu, kana (mpini wa usukani) mkono mmoja na demani (kamba ya kuongozea tanga) mkono wa pili, chumvi imejaa machoni, utasoma nini kwenye skrini? Ndilo swali la kwanza ninalomuuliza kila anayetaka ushauri wa GPS ya mashindano. Wengi huja wameshachagua: wameona kifaa chenye ramani ya rangi na wamekipenda. Lakini boti inayozunguka maboya matatu haina haja ya ramani. Hapa kwetu Ghuba ya Msasani, Dar es Salaam, kati ya ufukwe na kisiwa cha Bongoyo, uwanja wote wa mashindano unauona kwa macho. Unachohitaji ni namba mbili kubwa, kasi na mwelekeo, pamoja na saa ya kuhesabu dakika za kuanza. Kifaa cha bei ndogo kinachoonyesha namba hizo ukiwa umekaa mkao wako wa kawaida kitakusaidia kuliko cha bei kubwa kinachokulazimu kuinama.

Mimi nashindana kwa boti ya faiba ya watu wawili, urefu wake mita nne na ushee. Siku nyingine hutoka na ngalawa za jamaa zangu wa Kunduchi, na huko ndiko nilikojifunza kwamba mahali pa kufunga kifaa panaamua mengi kuliko jina lililoandikwa juu yake. Nitalinganisha njia nne: simu, saa ya mkononi, kifaa cha mkononi cha betri, na kile kilichotengenezwa mahususi kwa mashindano ya matanga.

Kabla ya kutoa pesa, soma sheria za daraja la boti yako, yaani kundi la boti za aina moja, na maelekezo ya mashindano husika. Katika daraja la ILCA, ambalo zamani tuliliita Laser, dira ya kidijitali inayotegemea sumaku inaruhusiwa na saa inaruhusiwa, lakini kwa kawaida GPS hairuhusiwi wakati wa mbio. Madaraja mengine yanaikubali. Kama boti yako iko kwenye daraja linalokataza, GPS itakufaa kwenye mazoezi tu, na hapo chaguo lako linabadilika kabisa: huhitaji skrini kubwa, unahitaji kumbukumbu ya njia uliyopita.

GPS inajua nini, na haijui nini

Kifaa cha kawaida kikiwa wazi chini ya anga hukosea mahali ulipo kwa mita tatu hadi tano hivi. Boti ya ILCA ina urefu wa mita 4.23. Maana yake kosa la kawaida la GPS ni boti nzima, na kwenye mstari wa kuanzia boti nzima ndiyo tofauti ya aliyeanza vizuri na aliyerudishwa kwa kuvuka mapema. Kasi ni habari nyingine. Kifaa huipata kwa kupima jinsi mawimbi ya satelaiti yanavyobadilika kadiri unavyosogea, kwa hiyo huwa sahihi kuliko mahali. Ukisoma noti 4.8, yaani maili za baharini 4.8 kwa saa, unaweza kuiamini.

Kuna pia suala la mara ngapi namba inabadilika. Vifaa vingi vya mkononi huandika upya mara moja kwa sekunde. Boti inayokwenda noti 5 husogea mita mbili na nusu hivi kila sekunde, kwa hiyo unachokisoma ni cha nyuma kidogo siku zote. Kwa kasi na mwelekeo hilo si tatizo, ila kwa kuvizia mstari dakika ya mwisho ni tatizo kubwa.

Halafu mwelekeo. Hapa wengi huchanganya. GPS inakwambia boti inakokwenda, haikwambii omo, yaani mbele ya boti, inakotazama. Ukiwa umesimama, mwelekeo wake unazunguka ovyo. Unapobisha, yaani unapopanda dhidi ya upepo kwa kukata pembeni, na upepo ukageuka nyuzi tano, dira ya sumaku itakuonyesha mara moja. GPS itachelewa, na ndani ya namba yake mna mkondo na kuteleza kwa boti pia. Kwa hiyo ukiniambia una pesa ya kitu kimoja tu, na mashindano yako yote ni ya kubisha na kurudi kwenye maji tulivu, nitakwambia nunua dira. Nasema hivyo huku naipenda GPS yangu.

Basi kwa nini tuwe nayo? Kwa sababu ya mkondo. Siku za bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka mita tatu hadi nne, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Kabla ya mbio, legeza tanga karibu na boya, iache boti ielee, kisha soma kasi. Namba unayoiona ni mkondo na msukumo wa upepo kwenye mwili wa boti. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuwa kwenye ngalawa, upande wa kisiwa cha Mbudya, upepo umekata na tanga limelala. Mzee mwenye ngalawa alichungulia kifaa mapajani mwangu akauliza, "Mwanangu, mbona namba inapanda nasi tumesimama?" Ilikuwa noti 1.4. Nikamjibu, "Hatujasimama, mzee. Tunavutwa." Akatazama kisiwa muda mrefu, akakilinganisha na mnazi mmoja ulioko nyuma yake, akakubali kwa kichwa. Tangu siku ile kila tukitoka yeye ndiye anayeniuliza namba kwanza.

Ipige hesabu hiyo kwenye mstari wa kuanzia. Ishara ya kwanza hutolewa dakika tano kabla. Mkondo wa noti moja utakusukuma mita 154 ndani ya dakika hizo tano. Kama unakusukuma kuvuka mstari, hutaki kuwa karibu nao. Ukikusukuma nyuma siku ya upepo mdogo, unaweza usiufikie kabisa bunduki inapolia. Hakuna dira itakayokwambia hayo.

Simu

Unayo tayari, na hilo ndilo jambo kubwa katika sifa zake. GPS ya simu haihitaji bando wala mtandao. Bila mtandao huchelewa tu kidogo kupata satelaiti mara ya kwanza. Kwa kurekodi njia na kuitazama nyumbani jioni, simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji na kuwekwa mfukoni mwa jaketi la kuokolea inatosha kabisa. Anayeanza asinunue kitu kingine kabla ya kurekodi mashindano kama kumi hivi kwa simu.

Kuisoma ukiwa mbioni ndiko kunakoshindikana. Matone ya maji ya chumvi juu ya skrini ya kugusa hufanya kazi ya kidole: kurasa zinafunguka zenyewe na programu inajifunga. Jua la saa saba mchana huipasha simu joto hadi inapunguza mwanga au kuzima yenyewe. Ukivaa miwani ya jua ya kukata mng'ao, jaribu kwanza ukiwa nchi kavu: izungushe simu taratibu mbele ya macho, utaona kuna pembe ambayo skrini inakuwa nyeusi tii. Nimeshamwona mtu akiipigapiga simu yake katikati ya ghuba akidhani imekufa, kumbe tatizo lilikuwa miwani.

Saa ya mkononi

Saa yenye GPS, hasa zile zenye programu ya matanga kama Quatix za Garmin, ina jambo moja inalofanya vizuri kuliko vifaa vyote: kuhesabu dakika za kuanza kwa mtetemo. Mkono unatetemeka, macho yanabaki kwenye tanga na kwa wapinzani. Ivae juu ya mkono wa nguo, si chini yake.

Kwa kasi na mwelekeo siipendi. Namba ni ndogo, na ili uione inakubidi ugeuze kifundo cha mkono, mkono ule ule ulioshika demani. Kila ukitazama saa, tanga linasogea. Baharia wa mbele anaweza kuivaa na kukusomea, na kwenye boti ya watu wawili tumefanya hivyo kwa mafanikio. Ukiwa peke yako, itumie kwa kuhesabu tu.

Kifaa cha mkononi cha betri

Hapa ndipo ninapowapeleka wengi. Faida kubwa ni betri za AA, zinazopatikana kila duka, na vitufe halisi unavyovibonyeza kwa kidole chenye maji au glavu. Na skrini zisizo na rangi, zinazodharauliwa dukani, ndizo zinazosomeka vizuri jua likiwa kali, kwa sababu zinatumia jua lenyewe kama taa.

Tofauti kati yao inayonihusu ni moja: kinaelea au hakielei? Garmin eTrex 10 ni kidogo, cha bei nafuu, na betri mbili humaliza siku nzima, lakini kikianguka kinazama kama jiwe. GPS 73 ya kampuni hiyo hiyo inaelea, haina rangi, na ndani yake mna mambo ya matanga: saa ya kuhesabu kuanza, mstari wa kuanzia wa kubuni, na msaada wa kubisha. GPSMAP 79s inaelea pia na ina skrini ya rangi, kwa bei ya karibu dola 300. Kwa boti ndogo ya mashindano sioni sababu ya kulipia rangi, ila kama boti hiyo hiyo unavukia nayo hadi Unguja, hapo ramani ina kazi.

Vifaa hivi huandikwa IPX7. Maana yake vimepimwa kukaa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30, na kipimo hicho hufanywa kwa maji matamu. Chumvi ni adui mwingine. Mpira mdogo unaozunguka kifuniko cha betri ukiwa na chembe moja ya mchanga, maji yataingia, na kesho yake utakuta vyuma vya betri vina ukungu wa kijani. Mimi hufungua kifuniko nyumbani tu, baada ya kuosha kifaa kwa maji ya bomba na kukikausha, na huupaka mpira ule grisi ya silikoni kidogo sana. Betri hutoka siku hiyo hiyo.

Kilichotengenezwa kwa mashindano

Vakaros Atlas 2, Sailmon MAX, Velocitek ProStart: hivi ni vifaa vya mlingotini vyenye namba kubwa, vinavyojua mstari wa kuanzia. Unakwenda mwisho mmoja wa mstari unabonyeza, unakwenda mwisho wa pili unabonyeza, kisha kifaa kinakwambia mita zilizobaki. Atlas 2 hupokea satelaiti kwa masafa mawili badala ya moja, na hilo hupunguza sana kosa la mahali. Nimeazimwa kifaa cha aina hii kwa mashindano mawili, na sitaficha kwamba nilianza vizuri kuliko miaka yote.

Bei yake inafika dola 1,000 na kupita kwa vile vya juu, kabla ya usafiri na ushuru. Kuna jambo jingine: boya la mstari limefungwa nanga kwa kamba, na maji yakijaa au upepo ukigeuka boya linahama mita kadhaa. Kifaa hakijui. Kinapima kwa usahihi mkubwa mstari uliokuwepo dakika kumi zilizopita. Kama fliti yenu ina boti sita na mstari unaonekana vizuri, fedha hizo zipeleke kwenye tanga jipya. Kama mnashindana boti 30 na wenzako wote wanacho, hapo nakuelewa.

Kufunga

Nilipoteza kifaa changu cha kwanza kwa sababu ya klipu. Ilikuwa Agosti, kusi imekaza, tukapinduka nyuma ya Bongoyo. Klipu ya plastiki iliyokuwa imekaa juani miaka miwili ilikatika bila hata kelele, na kifaa, kisichoelea, kikashuka. Niliona mwanga wa skrini ukienda chini. Tangu hapo nina kanuni mbili: klipu haihesabiwi kama usalama, na kamba hufungwa kwenye boti kabla kifaa hakijatoka mfukoni. Kamba ya milimita tatu, fundo la kweli, fupi kiasi kwamba kifaa kikichomoka kinabaki ndani ya boti.

Mahali bora kwenye boti nyingi za watu wawili ni mlingoti, juu kidogo ya pale boriti ya tanga inapoungana nao, skrini ikitazama tezi, yaani nyuma ya boti. Hapo wote wawili wanaona bila kuinama, na macho yanatoka tangani kidogo tu. Kibano cha dukani chenye kipira cha inchi moja, kama vile vya kampuni ya RAM, ni imara na unaweza kukigeuza. Lakini kibano nilichokitumia muda mrefu zaidi nilikitengeneza mwenyewe. Nilikata kipande cha bomba la PVC nikakipasua kwa urefu, nikapata kitu kama tandiko linalokumbatia mlingoti. Juu yake nikafunga kwa skrubu kibamba kilichokatwa kwenye ubao wa plastiki wa kukatia mboga, kwa sababu plastiki ile haiozi na inatoboka vizuri. Chini ya tandiko nikazungusha ukanda wa tyubu ya baiskeli ili lisiteleze, na nikalikaza kwa mikanda miwili. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida huanza kulia machozi ya kahawia baada ya wiki mbili. Kisha pitisha mkono kuzunguka kila kona. Kona yoyote inayoweza kunasa kamba itanasa, na itanasa wakati wa kugeuza, kwa hiyo izungushie utepe au uikate.

ILCA haina nafasi hiyo, maana tanga lake linavishwa juu ya mlingoti kama soksi. Hapo kifaa hukaa kwenye deki, nyuma ya mlingoti, kimeinuliwa pembe kidogo. Usitoboe deki bila kujua kilichopo chini yake. Tundu moja lisilozibwa kwa silikoni hujaza mwili wa boti maji polepole, na utatafuta sababu ya uzito msimu mzima.

Kwenye ngalawa mlingoti haufai kabisa. Tanga na foromali (mti unaobeba tanga) vinapita hapo, na ukiwa upande mmoja huoni kitu. Nilijaribu kwenye ubao wa kukalia, mbele ya nahodha, na hapo pamefaa, isipokuwa anayefua maji anakipiga kwa kata kila mara. Suluhisho la mzee lilikuwa rahisi: akahamisha kifaa upande wa pili wa mfuaji, akakifunga kwa kamba ya mkonge juu ya kipande cha ndala. Ndala inazuia kuteleza na inapokea mapigo. Sikuwa na la kuongeza.

Zile sahani za mpira zinazonyonya, siziwekei imani. Juu ya deki yenye joto, chumvi na vijinundu vya kuzuia kuteleza, hazikai hata mbio moja.

Umbali na dira ya sumaku nao una maana. Spika ya simu ina sumaku, na vishikio vya simu vya sumaku ni vibaya zaidi. Acha nusu mita kati yao, kisha sogeza kifaa karibu na mbali huku ukitazama sindano. Ikicheza, ongeza umbali. Upande wa anga, GPS haidai mengi: iwe wazi, isiwe chini ya mwili wako wala chini ya deki. Mlingoti wa alumini huziba kipande kidogo tu cha anga na sijaona ukileta shida.

Mipangilio kabla ya kushusha boti

Weka namba mbili tu kwenye ukurasa, zijaze skrini. Kasi iwe kwa noti. Ondoa ile namba ya kasi ya kulikaribia boya unapobisha, maana hupungua yenyewe kadiri unavyokwenda pembeni, hata kama unakwenda vizuri, na itakufanya ugeuze mapema.

Kama waandaaji wametoa mahali pa maboya kwa namba, angalia mtindo wa kuandika. Nyuzi 6 na dakika 41.5 si sawa na nyuzi 6.415, tofauti ni kama kilomita 30. Angalia pia mfumo wa ramani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS hutoka kiwandani ikiwa kwenye WGS 84. Ukichukua namba kwenye ramani hizo bila kubadilisha, boya lako litahama mita 300 hivi, sehemu kubwa kwa upande wa kaskazini na kusini. Nilishuhudia boti mbili zikitafuta boya mahali palipo wazi kabisa kwa kosa hilo.

Mwisho, pinduka makusudi. Fanya hivyo siku ya mazoezi, karibu na ufukwe, kifaa kikiwa kimefungwa vile vile utakavyokifunga siku ya mbio. Sisi tulipojaribu tandiko la PVC kwa mara ya kwanza, baharia wangu ndiye aliyepanda juu ya ubao wa chini, ule unaoshuka majini katikati ya boti, kuinua boti. Ilipokaa sawa, maji yakimwagika kila upande, alipangusa skrini kwa kiganja akasoma: "Kaka, noti 0.8." Matanga yalikuwa yanapigapiga, hatujashika kana, na tulikuwa tunakwenda Mbudya.